Dhana Husafiri, Mfuatano Hausafiri

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, William Clancey alikuwa na mali ambayo kila mtengenezaji wa programu za kufundishia huitamani: maarifa ya bingwa, yakiwa yamekwisha kuandikwa na kujaribiwa. Mali hiyo ilikuwa MYCIN, programu ya kutambua maambukizi ya bakteria na kupendekeza dawa, iliyoanzishwa na Edward Shortliffe na kukua hadi kufikia kanuni zinazokaribia 500. Katika tathmini iliyochapishwa 1979, mabingwa walipewa mapendekezo ya matibabu ya wagonjwa 10 wa homa ya uti wa mgongo bila kuambiwa yapi ni ya kompyuta na yapi ni ya madaktari. Hawakuiweka MYCIN chini ya walimu wa chuo hicho. Clancey akaona hakuna haja ya kuanza upya. Kanuni zipo, kilichobaki ni kuziwekea mwalimu wa kompyuta atakayewafunza wanafunzi wa udaktari. Mwalimu huyo akaitwa GUIDON.

Kanuni zilizotibu vizuri zikafundisha vibaya. Moja ilisema mgonjwa wa chini ya miaka 8 asipewe tetracycline. Daktari anayetaka kuandika dawa hahitaji zaidi ya hapo. Mwanafunzi atauliza kwa nini, na jibu, kwamba dawa hiyo hung'ang'ania kwenye mifupa na meno yanayokua hadi meno yakabadilika rangi, halikuwamo popote ndani ya mfumo. Kanuni nyingine ilitaja umri wa mgonjwa kabla ya kutaja ulevi. Mpangilio ule ulikuwa na hekima yake: usimuulize mtoto mdogo kama ni mlevi. Lakini hekima hiyo ilijificha katika mfuatano wa masharti, mahali ambapo mashine isingeweza kuisoma wala kuieleza. Clancey aliyachambua haya katika makala ya 1983, na mfumo uliofuata, NEOMYCIN, ulilazimika kuyapanga maarifa upya: magonjwa na visababishi vyake upande mmoja, mbinu za kuhoji na kufikia uamuzi upande mwingine.

Naikumbusha habari hii kwa sababu kosa lake bado li hai. Taasisi za mitaala, kampuni changa na vyuo vya Afrika Mashariki vinahamishia masomo kwenye mifumo ya kidijitali inayoahidi kumfuata kila mwanafunzi kwa mwendo wake, na ushauri vinaopewa ni uleule: msianze upya, maarifa yapo, yachukueni. Ushauri huo una ukweli nusu. Katika ontolojia ya somo ipo sehemu inayovuka mipaka bila kudhurika, na ipo inayoharibika njiani. Asiyezitenganisha atagharamika mara mbili, kwanza kwa kubeba, kisha kwa kubomoa.

Makosa huanzia kwenye fikra

Neno ontolojia ni la wanafalsafa, waliolitumia kwa elimu ya kuwapo kwa vitu. Wanakompyuta waliliazima kwa kazi finyu zaidi. Kwao, ontolojia ni maelezo rasmi ya dhana zinazotambuliwa katika uwanja fulani, mahusiano yake na masharti yanayozibana, yakiandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuyasoma na kuyatolea hitimisho. Tom Gruber ndiye aliyeipa maana hiyo umbo linalotajwa zaidi, mwaka 1993, wakati watafiti wa Marekani walipokuwa wamechoka kuona kila mfumo ukijengwa kuanzia msingi hata pale ambapo jirani alikwisha kueleza mambo yaleyale. Mwaka 2004 taasisi ya viwango vya wavuti, W3C, iliidhinisha OWL, lugha ya kuandikia ontolojia zenye mantiki kali. Mwaka 2009 ikaidhinisha SKOS, iliyo nyepesi zaidi, kwa orodha za dhana na majina yake. Protégé, programu ya kujengea ontolojia kutoka Stanford, hutolewa bure. Vifaa havikosekani.

Kinachokosekana mara nyingi ni utulivu wa kufikiri. Mjenzi wa mfumo wa elimu anaweka kundi la Mtu, na chini yake anaweka Mwalimu na Mwanafunzi kama aina mbili za watu, kisha anaongeza sharti kwamba hakuna anayeweza kuwamo katika makundi yote mawili. Mambo yanakwenda vizuri hadi mwalimu wa shule ya msingi anapojiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kujiendeleza. Mashine itatangaza mgongano, au msajili atamwandika kama watu wawili, na rekodi zake za kazi na za masomo hazitakutana tena. Nicola Guarino na Christopher Welty walitengeneza mbinu iitwayo OntoClean ili kunasa makosa ya namna hii kwa maswali machache magumu. Mojawapo ni hili: je, kitu hiki kinaweza kuacha kuwa hivi kilivyo na bado kikabaki kilekile? Mtu haachi kuwa mtu. Mwanafunzi huhitimu. Uanafunzi, basi, ni nafasi anayoishika mtu kwa muda, na mahali pake ni kwenye mahusiano kati ya mtu na chuo.

Kosa kama hilo likibaki ndani ya mfumo wa shule moja, linarekebishika. Likiingia kwenye ontolojia inayogawiwa mifumo 20, kila aliyeichukua amelichukua nalo.

Nzi, hamira na panya

Mfano bora wa ontolojia iliyoenea na kutumiwa upya unatoka maabara za bayolojia. Mwaka 1998 hifadhidata tatu za jenetiki, ya nzi wa matunda, ya hamira na ya panya, zilikubaliana kutumia msamiati mmoja kuelezea kazi za jeni. Kila moja ilikuwa na maneno yake, na mtafiti aliyetaka kujua kama jeni ya hamira hufanya kazi sawa na ya panya alilazimika kuwa mkalimani. Ontolojia ya Jeni, iliyotangazwa katika jarida la Nature Genetics mwaka 2000, sasa ina dhana takriban 40,000 katika matawi matatu: kazi ya molekuli, mchakato wa kibayolojia na sehemu ya seli. Viumbe vilivyoelezwa kwa msamiati huo ni vingi mno kuliko wale watatu wa mwanzo.

Mafanikio hayo yalikuwa na sababu zinazoweza kuigwa. Waanzilishi walikuwa na shida ya kweli iliyowauma kila siku, nao wakajenga kilichotosha kuitatua, bila kusubiri nadharia ya ulimwengu mzima. Kila dhana ilipewa namba ya kudumu isiyotegemea jina lake. Usanisinuru, kwa mfano, ni GO:0015979, na utabaki hivyo hata wataalamu wakibadilisha maneno ya kuuelezea. Dhana inayopitwa na wakati hutiwa alama ya kustaafu, wala namba yake haigawiwi nyingine. Zaidi ya yote, kila dai linalounganisha jeni na dhana hubeba alama ya ushahidi. Alama IDA inasema jambo limeonekana moja kwa moja katika jaribio. Alama IEA inasema limekisiwa na kompyuta. Msomaji anajua aamini kwa kiasi gani.

Sasa mtengenezaji wa programu ya bayolojia kwa shule za sekondari anaikuta namba hiyo na kufurahi: usanisinuru umekwisha kuelezwa na mabingwa wa dunia. Ndiyo, lakini umeelezwa kwa ajili ya jeni. Umepangwa pamoja na michakato ya umetaboli, kisha ukagawanywa katika hatua ya mwanga na hatua isiyohitaji mwanga. Hakuna mahali panaposema kama mwanafunzi aanze na jani au na gesi. Mwaka 1987 Tom Bylander na B. Chandrasekaran walieleza kwamba namna maarifa yanavyoandikwa hufuata kazi yanayokusudiwa kufanya. Aliyejenga kwa ajili ya kuainisha jeni hakujenga kwa ajili ya kufundisha Kidato cha Pili, na hana lawama.

Ngazi tatu, si moja

Ndiyo maana napendekeza kila anayejenga mfumo wa kujifunzia unaojirekebisha atenganishe ngazi tatu. Ya kwanza ni ya somo: dhana zipi zipo, na zinahusianaje kwa asili yake. Ya pili ni ya ufundishaji: kipi kitangulie kipi, na kwa mazoezi gani. Ya tatu ni ya mwanafunzi: huyu anajua nini, na tuna uhakika kiasi gani. Wazo hili lina mizizi ya kale. Mwaka 1970 Jaime Carbonell alionyesha SCHOLAR, programu iliyofundisha jiografia ya Amerika Kusini kwa njia ya majadiliano. Mtandao wa dhana zake, nchi, miji na mito, ulikaa mbali na taratibu za kuuliza na kusahihisha.

Faida ya ngazi ya kwanza inaonekana wazi Tanzania Bara, ambako shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari hugeukia Kiingereza. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anashindwa swali la usanisinuru lililoulizwa kwa Kiingereza. Mfumo wa kawaida utahitimisha kwamba hajui mada, umrudishe nyuma, umwonyeshe tena picha za majani na jua, na umchoshe. Mfumo unaoitambua dhana kwa namba, huku majina ya Kiswahili na Kiingereza yakining'inia pembeni, unaweza kuuliza swali lilelile kwa Kiswahili. Akilijibu, kilichopungua ni istilahi, na dawa yake ni dakika chache za msamiati. Tofauti kati ya asiyejua jambo na asiyejua jina lake ni kubwa, na katika mfumo wetu wa elimu hujitokeza kila mwaka mpya wa masomo unapoanza. SKOS ilibuniwa kwa kazi ya namna hiyo hasa.

Wala hatuanzi patupu. AGROVOC, orodha ya dhana za kilimo na chakula inayosimamiwa na FAO tangu miaka ya 1980, ina dhana zaidi ya 40,000, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake zaidi ya 40. Anayetengeneza somo la kilimo hana sababu ya kubuni namba mpya ya muhogo.

Kilima kimehamia kwingine

Ngazi ya pili ndiyo isiyosafiri. Chukua kuhesabu. Kwa mtoto wa Kiingereza, majina ya 11 na 12 hayaonyeshi kumi hata kidogo, na kuanzia 13 hadi 19 mamoja hutajwa kabla ya kumi. Mfuatano mzuri wa kumfundisha mtoto huyo lazima utue hapo na kukaa. Mtoto wa Kiswahili anasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Jina lenyewe limekwisha kumfundisha kwamba kuna kumi na kuna ziada. Ugumu wake uko mbele, kwenye makumi. Ishirini haionyeshi mbili, thelathini haionyeshi tatu, arobaini haionyeshi nne, hamsini haionyeshi tano, na themanini haionyeshi nane. Sitini, sabini na tisini peke yake ndizo zinazomsaidia. Programu iliyoazima mfuatano wa Kiingereza itamlundikia mazoezi pale alipokwisha elewa na kumkimbiza pale anapohitaji kupumua. Dhana ya 13 ni moja katika lugha zote mbili. Njia ya kuifikia ndiyo tofauti.

Saa ni mfano mkali zaidi. Mshale mfupi uko kwenye 7, na mtoto wa Morogoro anasema, kwa usahihi kabisa, saa moja. Mfuatano ulioagizwa kutoka nje una hatua isemayo: soma namba iliyo chini ya mshale mfupi. Utamkata alama. Ukitaka kumfundisha bila kumdhulumu, unahitaji hatua ambayo mwenye mfumo asilia hakuwahi kuifikiria: kuhesabu saa kuanzia mapambazuko, na tofauti ya saa sita kati ya hesabu hiyo na ile ya simu. Hali ni hiyohiyo katika kusoma. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, kwa hiyo orodha ndefu za maneno yasiyofuata kanuni hazina kazi kwetu. Badala yake kitenzi kimoja, kama wanapowapelekea, hubeba kazi ya sentensi nzima, na kipimo cha ugumu kinachohesabu herufi za neno kitampotosha mtengenezaji.

Waliofanikiwa katika mifumo inayojirekebisha wanalijua hili. Jean-Paul Doignon na Jean-Claude Falmagne walichapisha nadharia yao ya nafasi za maarifa mwaka 1985. Kutokana nayo ukazaliwa ALEKS, mfumo wa kufundishia hisabati uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, na kununuliwa na McGraw-Hill mwaka 2013. Ndani yake somo hugawanywa katika mamia ya aina za maswali, na kinachotafutwa ni mikusanyo ipi ya ujuzi inawezekana: ikiwa anayejua hili lazima awe anajua lile, mikusanyo mingi huondoka. Kwa kuondoa huko, maswali yapatayo 30 hutosha kukisia mahali alipo mwanafunzi. La kujifunza ni namna masharti hayo yalivyopatikana. Walimu wenye uzoefu waliulizwa kwanza, kisha majibu ya wanafunzi wenyewe yakatumika kuyasahihisha. Utangulizi wa dhana moja kwa nyingine ulichukuliwa kama dai linalosubiri ushahidi.

Somo la Tanga

Mkoani Tanga suala hili la kuazima na kutumia tena lilipata jaribio kubwa. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa 2014 kwa zawadi za jumla ya dola milioni 15, lilitaka programu zitakazowawezesha watoto kujifunza wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu tano zilifika fainali, na kuanzia mwishoni mwa 2017 vishikwambi vyenye programu zao za Kiswahili viligawiwa kwa watoto zaidi ya 2,000 katika karibu vijiji 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga shule. Mei 2019 onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi. Sharti la shindano lilikuwa la kupongezwa: misimbo na maudhui ya timu zote tano iwekwe wazi kwa yeyote kuichukua.

Kwa hiyo leo mtengenezaji wa Dodoma au Mombasa anaweza kuchukua hadithi kutoka programu moja na mazoezi ya kuhesabu kutoka nyingine. Anaweza kisheria. Kiutendaji atagundua kwamba kila timu ilikuwa na mgawanyo wake wa stadi na ngazi zake za kumpandisha mtoto, na kwamba ili kujua zoezi fulani linafunza nini itabidi achimbe kwenye msimbo. Kipimo cha watoto kilikuwa kimoja kwa timu zote. Orodha ya stadi haikuwa moja. Uwazi wa msimbo ulitupa programu tano. Haukutupa maarifa ya pamoja ambayo programu ya sita ingeyajengea.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na wapo watakaotumia methali hiyo kukataa kila cha nje. Nadhani inafundisha jambo jingine: tujue tunaazima nini. David Wiley, aliyeandika sana juu ya vipande vya masomo vinavyotumika tena, alionyesha kwamba kadiri kipande kinavyobeba muktadha zaidi ndivyo kinavyofundisha vizuri, na ndivyo kinavyokuwa kigumu kuhamishika. Waandaaji wa viwango hawakuepuka mtego huo. Kiwango cha IEEE cha kuelezea maudhui ya kujifunzia, kilichopitishwa 2002, kina sehemu ya kujaza ugumu wa somo kwa daraja tano, kutoka rahisi sana hadi gumu sana. Gumu kwa nani? Kwa mwanafunzi wa Stashahada au mtoto wa Darasa la Tatu? Ugumu unakaa kati ya somo na mwanafunzi. Aliyeubandika kwenye somo peke yake amechanganya ngazi ya kwanza na ya tatu.

Ushahidi na mwenye mali

Anayeanza leo aanze na maswali. Michael Grüninger na Mark Fox wa Toronto walipendekeza katika miaka ya 1990 kwamba kabla ya kuandika dhana hata moja, mjenzi aorodheshe maswali ambayo ontolojia lazima iweze kuyajibu. Kwa mfumo wa hisabati za msingi maswali yawe kama haya: stadi zipi za Darasa la Nne zinategemea sehemu? Mwanafunzi aliyekosa zoezi hili akaguliwe nini kwanza? Ni mada gani za mtaala wa Kenya zina zinazolingana nazo katika ule wa Tanzania? Dhana isiyosaidia kujibu swali lolote haina haki ya kuwamo. Nidhamu hiyo peke yake inaweza kupunguza nusu ya uzito.

Kisha kila kiungo cha utangulizi kivishwe alama ya ushahidi, kwa mfano wa wanajenetiki. Alama moja iseme kiungo kimetoka kwenye muhtasari wa somo, nyingine kwamba kimependekezwa na walimu, nyingine kwamba kimethibitishwa na majibu ya wanafunzi, pamoja na kutaja ni wanafunzi wa wapi na kwa lugha gani. Alama ya mwisho iwe ya viungo vilivyobuniwa na mashine. Siku hizi programu za akili unde zinaweza kutoa rasimu ya ontolojia ya somo zima kwa saa moja, na rasimu hiyo si ya kudharau. Lakini zimelishwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na zitaleta kilima cha 11 hadi 19 zikiwa na uhakika wote. Alama ya ushahidi haiwakatazi watu kuzitumia. Inazuia kisio lisigeuke sheria kwa kukaa muda mrefu bila kuguswa.

La mwisho ni la mwenye mali. Ontolojia nyingi za elimu huzaliwa ndani ya tasnifu na hufia humo, kwa kuwa aliyezijenga amehitimu na mradi umeishiwa fedha. Ontolojia ya Jeni imeishi kwa sababu ina wahariri wanaolipwa kuitunza. Kwa masomo ya shule, taasisi za mitaala zenye mamlaka ya kufanya hivyo zinajulikana: Taasisi ya Elimu Tanzania, KICD ya Kenya, NCDC ya Uganda. Hazihitaji kununua mfumo mkubwa. Kila moja tayari inaandika mihtasari. Iongeze namba ya kudumu kwa kila dhana na umahiri, majina ya Kiswahili na ya Kiingereza, na leseni huria, kisha ichapishe orodha hiyo peke yake, ikiwa imetengwa na mpangilio wa mihula.

Mfuatano tutaendelea kuubishania, Zanzibar na Nairobi, Darasa la Kwanza na la Pili, na ni afya tuubishanie, maana ndiko kuliko na ufundi wa ualimu. Orodha ya dhana haistahili ubishi huo. Iandikwe mara moja, itunzwe, na kila mradi mpya uikute ipo.